Kichwa cha risasi kichaguliwe kwanza, chemba ikatwe baadaye

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu wawindaji wanaopeleka bunduki zao kwa mafundi ili chemba, yaani sehemu za nyuma za mtutu zinamokaa risasi, zikatwe upya na kupokea risasi ambazo wenye fani huziita waildikati, yaani risasi zilizobuniwa na mafundi binafsi na ambazo hazina kiwango rasmi kilichosajiliwa. Mwandishi wenu ameeleza vizuri jinsi kazi hiyo inavyovutia, na sina ugomvi naye juu ya mambo mengi aliyoyasimulia. Ninachokipinga ni mpangilio wa ushauri wake. Amemwambia mwindaji achague kwanza umbo la ganda analolitaka, yaani kikopo kinachobeba baruti, kisha chemba ikatwe, na mwisho kabisa, katika aya moja fupi, akamwambia atafute kichwa cha risasi kitakachomfaa. Mimi ni fundi bunduki, na naona mpangilio huo umepinduliwa juu chini. Kichwa cha risasi ndicho peke yake kinachomfikia mnyama. Ganda, baruti, fataki inayoiwasha na chemba ni vyombo vya kukifikisha kwa kasi inayokifaa. Anayeanza na ganda hujikuta amelipia bunduki isiyoweza kurusha kile anachokihitaji, na anayeumia zaidi kwa kosa hilo ni mnyama aliyejeruhiwa akaachwa akimbie.

Sizidharau waildikati. Risasi kadhaa ambazo leo zinauzwa madukani kama jambo la kawaida zilianza katika karakana za watu binafsi. Risasi ya .25-06 ni ganda la .30-06, lililopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1906, likiwa limefinywa shingo, yaani sehemu ya mbele inayoshika kichwa, na mafundi waliitengeneza tangu mnamo mwaka 1920 kabla kampuni ya Remington haijaipokea rasmi mwaka 1969. Ile ya .22-250 ilitokana na ganda la .250-3000 Savage la mwaka 1915, ikatembea mikononi mwa wapenzi wake kwa miongo kadhaa, hadi ilipopewa kiwango mwaka 1965. Parker Otto Ackley, fundi wa Marekani aliyeishi kati ya mwaka 1903 na 1989, alijulikana kwa kunyoosha kuta za maganda ya kawaida na kulifanya bega, yaani mteremko unaoingia shingoni, kuwa kali zaidi, mara nyingi la nyuzi 40, ili ganda lilelile lipokee baruti zaidi. Lakini ukiifuatilia historia hiyo kwa jicho la fundi, utaona kwamba ganda peke yake halikutosha. Risasi ya .25-06 ilikuwa na tumbo kubwa kuliko baruti za wakati wake zilivyoweza kulitumia, na haikuonyesha uwezo wake kamili mpaka baruti za kuungua polepole, zikiwemo zile za kijeshi zilizobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zilipoanza kuuzwa kwa raia. Umbo la ganda lilisubiri vitu vingine viwe tayari, na miongoni mwa vitu hivyo kichwa cha risasi ni cha kwanza.

Msomaji aelewe kwanza kazi yenyewe ni nini. Kukata chemba upya ni kuondoa chuma, basi. Rima, ambayo ni kikatio chenye umbo kamili la risasi mpya, huzungushwa polepole nyuma ya mtutu na kuipanua chemba ya zamani, na chuma kilichoondolewa hakirudi. Kwa sababu hiyo chemba mpya lazima iwe kubwa kuliko ya zamani katika kila sehemu, na pale isipokuwa hivyo, sehemu ya nyuma ya mtutu hukatwa, nyuzi za kufungia mtutu kwenye mtambo hukatwa upya kwa mashine ya kukereza, na chemba huanzwa tena katika chuma kizima. Hata zile chemba za mtindo wa Ackley, ambazo watu hudhani zinahitaji kupitishiwa rima tu, zikifanywa kwa uangalifu huhitaji mtutu urudishwe nyuma kidogo. Ni lazima risasi ya kawaida ibanwe barabara kati ya uso wa bolti, yaani komeo linalofunga nyuma ya chemba, na makutano ya shingo na bega pale inapofyatuliwa kwa mara ya kwanza ili ganda livimbe na kuchukua umbo jipya. Tofauti inayotakiwa hapo ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikikosekana, ganda huvutwa kuelekea mbele na kunyooka karibu na kitako, na ganda lililonyooka hapo siku moja hukatika vipande viwili na kuiachia gesi njia ya kurudi nyuma, upande uliko uso wa mpigaji.

Sasa hebu tuangalie kile ambacho rima haikigusi. Haigusi kipenyo cha tundu la mtutu, na haigusi msokoto wa mikondo iliyochongwa ndani yake, mikondo inayokizungusha kichwa cha risasi ili kiruke kikiwa kimenyooka. Msokoto ndio unaoamua urefu wa kichwa ambacho bunduki inaweza kukituliza hewani. Mwanahisabati Mwingereza Alfred George Greenhill, aliyefundisha maafisa wa mizinga huko Woolwich, alitoa mwaka 1879 kanuni ambayo bado inatusaidia: urefu wa kichwa ukihesabiwa kwa vipenyo vyake, ukazidishwa na urefu wa msokoto uliohesabiwa vivyo hivyo, jibu liwe takriban 150, au takriban 180 kwa kasi kubwa za siku hizi. Kichwa chenye kipenyo cha milimita 7.82 na urefu wa vipenyo vinne kinahitaji, kwa hesabu hiyo ya kwanza, mtutu unaokamilisha mzunguko mmoja katika milimita 293 hivi. Bunduki nyingi za .30-06 zina msokoto wa milimita 254, kwa hiyo hazina shida nacho.

Chukulieni sasa bunduki ya .22-250 ya mtindo wa zamani, ambayo msokoto wake wa kawaida ni milimita 356. Kipenyo cha kichwa chake ni milimita 5.69. Hata ukiitumia ile namba kubwa ya 180, kichwa kirefu kabisa ambacho mtutu huo unaweza kukituliza hakizidi milimita 16 na kitu, na kwa muundo wa kawaida wenye kiini cha madini ya risasi hiyo ni sawa na uzito wa gramu tatu na nusu au zaidi kidogo. Vichwa vya uzito huo katika kaliba hiyo, yaani kipenyo hicho, vilitengenezwa kwa ajili ya wanyama wadogo waharibifu. Koti lake, yaani gamba la nje linalofunika kiini, ni jembamba kwa makusudi, ili kivunjike papo hapo. Mwenye bunduki hiyo akitamani kuwinda mnyama mkubwa zaidi, akaambiwa aikate chemba kuwa ya mtindo wa Ackley ili apate nguvu, atatoka karakana na kasi iliyoongezeka kidogo na vichwa vilevile vyembamba, kwa sababu vile vya gramu tano vyenye koti imara vitatoka mdomoni mwa mtutu vikiyumba na kugonga shabaha kwa ubavu. Alichohitaji kilikuwa mtutu mpya wenye msokoto mkali zaidi, au bunduki nyingine kabisa, na chemba yake ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu vichwa vya shaba nyekundu tupu vilipoenea. Madini ya risasi yana uzito wa gramu 11.34 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na shaba nyekundu gramu 8.96, kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule na kipenyo kilekile lazima kiwe kirefu zaidi. Mtutu uliotosheleza kichwa cha kawaida unaweza kushindwa na cha shaba chenye uzito sawa. Katika sehemu nyingine mwindaji hana hiari: katika jimbo la California, kwa mfano, tangu tarehe 1 Julai 2019 uwindaji wote wa wanyamapori kwa bunduki unatakiwa kutumia risasi zisizo na madini hayo, kwa sababu ya tai aina ya kondori na ndege wengine wanaokula mizoga na kusumika. Na hata pasipo sheria, picha za eksirei za nyama ya mnyama aliyepigwa kwa kichwa laini huonyesha chembe za madini zilizosambaa mbali na njia ya jeraha, na nyama hiyo inapelekwa mezani kwa watoto. Mtu anayekata chemba leo bila kufikiria vichwa vya shaba anajenga chombo ambacho huenda kesho kisiwe na cha kurusha.

Nije kwenye koo la chemba, sehemu ambayo makala yenu haikuitaja hata kidogo ingawa mimi naiona kuwa moyo wa kazi yote. Mbele ya shingo ya ganda kuna nafasi fupi isiyo na mikondo, ambamo kichwa cha risasi hukaa kabla hakijaanza kushikwa na mikondo. Urefu na upana wa koo hilo hukatwa na rima ileile, au na rima ya pili ya kazi hiyo peke yake, na fundi hawezi kuuamua kwa kubahatisha. Fundi makini humtaka mteja alete risasi ya mfano, isiyo na baruti wala fataki, ambayo kichwa kilichochaguliwa kimewekwa pale hasa kitakapowekwa siku zote, na ambayo imethibitishwa kwamba inaingia katika magazini ya bunduki hiyo na kupanda vizuri. Rima huagizwa au kuchaguliwa kutokana na mfano huo. Mteja asiyejua atatumia kichwa gani hawezi kuleta mfano, na fundi akikubali kukata bila mfano, anamkatia koo la mtu mwingine.

Hasara ya koo lisilolingana inahesabika. Tuseme koo limekatwa fupi kwa ajili ya vichwa vyepesi, kisha mwenye bunduki akaamua kutumia kichwa kirefu cha shaba. Itambidi akisukume ndani ya ganda zaidi ya ilivyokusudiwa. Kichwa chenye kipenyo cha milimita 7.82 kikizama milimita tano zaidi hula karibu robo ya sentimita moja ya ujazo, na ganda la .30-06 lina ujazo wa takriban sentimita 4.4 za ujazo hadi mdomoni. Hiyo ni zaidi ya asilimia tano ya nafasi ya baruti. Sehemu kubwa ya nafasi aliyoilipia kwa kunyoosha kuta za ganda imerudishwa na kichwa chenyewe, na kama hakupunguza baruti, shinikizo limepanda bila yeye kuliona. Na koo likikatwa refu kupita kiasi, vichwa vifupi vitaruka umbali mrefu bila kushikwa kabla ya kuikuta mikondo, na mara nyingi usahihi ndio hupotea.

Kuhusu kasi yenyewe nitasema machache, maana wapenzi wa waildikati wameisifia vya kutosha. Watu wa fani hukadiria kwamba, shinikizo likibaki lilelile, ongezeko la kasi ni takriban robo ya ongezeko la ujazo wa ganda. Ganda likiongezwa nafasi kwa asilimia nane, kasi hupanda kwa takriban asilimia mbili. Kichwa kilichokuwa kikitoka kwa mita 900 kwa sekunde kitatoka kwa mita 918. Katika umbali wa mita 300, tofauti hiyo hupunguza kushuka kwa kichwa kwa sentimita tatu hivi, na hakuna mnyama wa kuwindwa ambaye moyo wake ni mdogo kiasi hicho. Zile habari za ongezeko kubwa zinazosimuliwa tangu zamani zilizaliwa wakati ambapo mafundi wengi hawakuwa na vipima kasi vya kuaminika, achilia mbali vipima shinikizo, na kasi nyingi kati ya hizo zilipatikana kwa kuongeza shinikizo kupita kiwango cha risasi mama, yaani ile ya kawaida ambayo ganda lake lilitumika.

Hapa ndipo ningependa wasomaji wenu wakae kidogo, kwa sababu kasi hata ikipatikana, haimfai mwindaji mpaka kichwa cha risasi kiweze kuihimili. Kila kichwa cha kuwindia kimeundwa kwa masafa fulani ya kasi ya kugonga. Chini ya masafa hayo hakifunguki. Hupita mwilini kikiwa kimefumba na kuacha njia nyembamba, na mnyama huenda mbali sana kabla ya kuanguka. Juu ya masafa hayo huvunjika juu juu, kikachana ngozi na bega na kuacha mapafu mazima. Vichwa vya risasi ya .30-30, iliyoingia sokoni mwaka 1895, vina kipenyo kilekile cha milimita 7.82 kama vya .30-06, lakini viliundwa kwa kasi ya mdomo wa mtutu ya takriban mita 670 kwa sekunde, na koti lao na kiini chao ni laini ili vifunguke kwa kasi hiyo ndogo. Anayevitia katika waildikati inayozidi mita 900 kwa sababu tu vinaingia shingoni, atavunja vichwa vyake katika nyama ya juu. Hali ni hiyohiyo kwa vichwa vyembamba vya kaliba ndogo vinapotiwa katika mtutu mpya wenye msokoto mkali: kwa kasi ya mita 1,100 kwa sekunde na msokoto wa milimita 203, kichwa huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, na koti jembamba linaweza kupasuka hewani kabla halijafika popote.

Tatizo hili la kasi kuishinda nguvu ya kichwa ndilo lililomsukuma John Nosler wa Marekani, baada ya vichwa vyake kushindwa kupenya mnyama mkubwa aina ya musi mwaka 1946, kubuni kichwa chenye viini viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa koti lenyewe, ambacho alianza kukiuza mwaka 1948. Kiini cha mbele hufunguka na kupungua. Cha nyuma hubaki kizima nyuma ya ukuta na kuendelea kupenya. Tazameni aliposhughulikia Nosler: bunduki yake ilikuwa na kasi ya kutosha, risasi yake ilikuwa ya kiwango rasmi, na dawa aliyoitafuta ilikuwa katika kichwa. Baada yake vikaja vichwa ambavyo kiini chake kimeunganishwa na koti kwa joto au kemikali ili visiachane, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 vile vya shaba nyekundu tupu vyenye tundu puani, ambavyo hufunguka kama maua na kubakiza karibu uzito wao wote. Hivi vya mwisho huvumilia kasi kubwa kuliko vyote, na kwa waildikati yenye kasi ndivyo ningevipendekeza mara nyingi, ila visitumiwe mbali kupita uwezo wake: vingi vinahitaji kumgonga mnyama kwa kasi isiyopungua takriban mita 550 hadi 600 kwa sekunde ndipo vifunguke. Mwindaji ajue kasi hiyo inaishia umbali gani kwa bunduki yake, na asipige mbele ya hapo.

Kwa hiyo mtu akinijia na ndoto ya waildikati, humuuliza kwanza anawinda mnyama gani, mwenye mifupa ya unene gani, na kwa umbali gani wa karibu kabisa na wa mbali kabisa. Majibu hayo hutupa uzito na muundo wa kichwa. Kichwa hutupa urefu, urefu hutupa msokoto, na msokoto hutuambia kama mtutu alionao unafaa au haufai. Baada ya hapo ndipo tunahesabu kasi inayohitajika, na mara nyingi sana tunagundua kwamba chemba aliyo nayo tayari inaitoa. Wengine huondoka wamekasirika kidogo, lakini wameondoka na bunduki nzima na fedha zao.

Sipaswi kuliruka suala la shinikizo. Risasi zenye viwango rasmi, viwe vya taasisi ya SAAMI ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1926 au vya tume ya kimataifa ya CIP iliyoanza mwaka 1914, zina kikomo cha shinikizo kinachojulikana na kupimwa kwa vyombo. Kikomo cha .30-30 katika viwango vya SAAMI ni takriban megapaskali 290, na cha .30-06 ni takriban 414. Waildikati haina kikomo kilichoandikwa na yeyote. Anayejijazia risasi zake huongozwa na dalili kama fataki iliyolala bapa au bolti inayofunguka kwa shida, na dalili hizo huja wakati shinikizo limekwisha kuvuka mpaka, si kabla. Mtambo nao una umri na asili yake. Bunduki za Springfield za mwaka 1903 zenye namba za mfululizo chini ya 800,000, zilizotengenezwa katika kiwanda cha jeshi cha Springfield, zilipitishwa katika joto kwa njia iliyoacha chuma chake kikavu na chepesi kupasuka, na hakuna umbo la ganda litakaloibadilisha hali hiyo. Wapo wanaodai kwamba kuta zilizonyooka za ganda la Ackley hushika chemba vizuri na kupunguza msukumo dhidi ya bolti. Upo ukweli ndani ya dai hilo pale chemba ni kavu na safi, lakini tone la mafuta au maji ya mvua huliondoa, na mawindo hayafanyiki chumbani. Kiasi cha baruti kwa risasi hizi kisichukuliwe kutoka kwa mtu mwenye bunduki nyingine, hata kama jina la risasi ni moja, maana rima mbili za jina moja zinaweza kuwa na shingo na koo tofauti.

Mheshimiwa Mhariri, nimeliacha mwisho jambo linaloniumiza zaidi. Bunduki huishi kuliko mwenyewe. Aliyekata chemba anajua alichokifanya. Mwanawe, au mnunuzi wa tatu baada ya miaka thelathini, anajua tu maandishi yaliyopo kwenye mtutu. Makala yenu haikutaja hata kwa neno moja kwamba mtutu uliobadilishwa lazima ufutwe alama ya zamani na kupigwa mpya iliyo kamili, na kwamba hati za umiliki na leseni nazo zirekebishwe. Katika nchi wanachama wa CIP bunduki iliyokatwa chemba inatakiwa irudishwe kujaribiwa rasmi kwa risasi za majaribio zenye shinikizo linalozidi kikomo kwa asilimia 25, na kupigwa muhuri upya. Penye sheria ya namna hiyo ifuatwe, na pasipo nayo fundi aifuate dhamiri yake.

Ajali haihitaji tofauti kubwa. Wajerumani walipobadilisha risasi yao ya milimita 8 mwaka 1905, kichwa kilipanuliwa kutoka takriban milimita 8.1 hadi 8.2 huku ganda likibaki karibu vilevile, na mpaka leo herufi S iliyoongezwa kwenye jina la risasi ndiyo inayomzuia mtu asikisukume kichwa kipana katika mtutu mwembamba wa zamani. Hiyo ni risasi ya serikali, yenye vitabu na viwanda nyuma yake. Waildikati inayotokana na ganda la .30-06 hubaki na maandishi ya .30-06 kwenye kitako chake hata shingo ikiwa imebanwa au kupanuliwa kwa kaliba nyingine kabisa. Risasi hizo zikichanganyika katika mkoba mmoja na za kawaida, hakuna kitu kwenye kitako kitakachomwonya mtu katika mwanga hafifu wa alfajiri. Anayezijaza aziweke katika visanduku vyenye maandishi makubwa, aandike aina ya kichwa, uzito, baruti na bunduki moja tu zilizokusudiwa, na asimpe mtu mwingine hata moja.

Sisemi chemba zisikatwe kamwe. Mtutu ambao koo lake limelika kwa moto wa miaka mingi unaweza kurudishwa nyuma na kupewa chemba mpya, ukapata maisha ya pili. Bunduki nzuri ya risasi iliyokoma kutengenezwa inaweza kuokolewa kwa kukatiwa chemba ya risasi ya kawaida inayopatikana, na kazi hiyo naiheshimu sana. Hata mtindo wa Ackley una faida ya kweli ambayo husemwa kwa sauti ndogo kuliko ile ya kasi: maganda yake hayanyooki haraka, hayahitaji kupunguzwa shingo mara kwa mara, na hudumu zaidi. Mtu akija kwa sababu hizo, na akiwa ameleta risasi ya mfano yenye kichwa alichokichagua kwa hesabu, nitaipokea bunduki yake kwa furaha.

Ninaomba gazeti lenu liwachapishie wasomaji nyongeza fupi kwa ile makala, hasa kwa waliorithi au kununua bunduki ya mkono wa pili. Wasiifyatue kwa kuyaamini maandishi ya mtutu peke yake. Waipeleke kwa fundi aliyeidhinishwa, ambaye atahakikisha kwanza haina risasi ndani, kisha amimine chembani aloi ya bismathi inayoyeyuka chini ya nyuzi 90 za Selsiasi. Aloi hiyo husinyaa kidogo inapoganda, ikatoka bila kukwaruza chuma, na baada ya takriban saa moja hurudi kwenye vipimo vya chemba yenyewe. Hapo fundi ataweza kupima shingo, bega na mwanzo wa koo kwa mikrometa, na kumwandikia mwenye bunduki jina la risasi inayoingia humo na lile la risasi isiyopaswa kuingia kamwe.

Wako katika kujenga,
Fundi bunduki na msomaji wenu